Kikapu kimoja

Shoga, nimekwisha. Nimejifungia stoo ya mbolea.

Ulinikataza nisimtafutie mama mkwe kibarua hapa shambani. Ulinikataza kabisa.

Ile chai ya majaribio ni aina mbili, na kila aina nusu tumeipulizia zinki, nusu tumeiacha, tuone ipi inatumia nitrojeni vizuri zaidi. Ni vipande vinne vya shamba, na majani ya kila kipande huchumwa peke yake, yakapimwe maabara. Msimu mzima tumeyangoja.

Nimetoka kidogo tu kufuata mifuko ya sampuli. Narudi, vipande vyote vinne vimechumwa. Vyote. Kwenye kikapu kimoja.

"Nimekuonea huruma, mwanangu, nimekumalizia."

Nimekumalizia. Na ameyageuzageuza vizuri kwa mkono, eti yasishike joto.

Mama wa mume wangu, nimwambie nini?

Ngoja. Gari la Daktari, yule mwenye utafiti, limeingia.

Namsikia mama nje: "Karibu, Daktari. Shamba lote tayari. Usinishukuru mimi, mshukuru mkwe wangu, ndiye aliyenituma."

Daktari anauliza niko wapi.

Shoga, viatu vyake vinakuja huku.