Kucha za Baba Hazikuwa na Hina

Ibra, Oman, Jumatano. Joto limeshika tangu asubuhi, vumbi limejaa madirishani, na mimi nimekasirika. Nilikwenda soko la wanawake kununua ubani na kitambaa kwa ajili ya hina ya Aziza, binti wa mdogo wangu Nasor. Nimerudi na ubani peke yake. Nasor alinipigia simu nikiwa bado sokoni, na kitambaa nikakisahau.

Wasomaji wangu wachache mnajua kwamba tangu Ramadhani naandika hapa mtandaoni historia ya kikosi cha ndege za picha alichofanyia kazi baba yetu Mombasa, wakati wa vita vya Hitla. Nimeandika habari za ndege zilizovuliwa bunduki ili zibebe mafuta zaidi. Nimeandika habari za marubani waliovuka maji mpaka Bukini, hiyo Madagaska ya leo, kupiga picha za bandari, na wakikutana na adui hawana hata risasi moja ya kumjibu. Kazi yao ilikuwa kuona na kurudi. Nasor alizipenda mno sehemu hizo. Alizisambaza kwenye kundi la familia, na watu wakaandika mashaallah, kumbe mzee alikuwa rubani.

Hakuwa rubani, na Nasor hakuwasahihisha.

Baba alikuwa muosha picha.

Leo ilikuwa zamu ya chumba cha giza. Nilimtumia Nasor sehemu hiyo kwanza, kwa heshima tu, kwa sababu kesho ni hina ya Aziza na keshokutwa ni milka, yaani kufunga ndoa, anaolewa na kijana wa Bahla. Ndiyo akapiga.

"Shikamoo dada. Nimesoma, wallahi umeandika vizuri. Lakini hiyo ya kuosha iondoe. Sema alikuwa na kikosi, khalas. Watu wa Bahla wanauliza sana, huyu babu yake alikuwa nani. Usinitie kwenye mushkila."

Nikamwambia siiondoi. Akasema safari ya Ibra mpaka kwake Nizwa ni ndefu, na kwa umri wangu huu pengine bora nipumzike nyumbani.

Mimi mtoto wa mjini Unguja. Nikifukuzwa kwa adabu najua.

Basi haya ndiyo niliyotakiwa kuyafuta. Ndege ikitua, filamu ilikimbizwa chumba cha giza, ikatiwa dawa, kisha ikaoshwa. Na joto la Mombasa mnalijua. Maji yakipata moto, ule utando wenye picha hulainika ukateleza kwenye filamu kama utando wa maziwa. Kwa hiyo baba alibeba mapande ya barafu, akayavunja, akayatia kwenye maji, akaosha mpaka mikono ikafa ganzi. Kulikuwa na rubani mmoja kijana aliyekuja kila mara kusimama nje ya mlango, hajavua hata viatu vyake vya kurukia. Baba akitoka kumwambia zimetoka, ndiyo anakwenda kula.

Siku moja barafu haikufika. Picha ziliharibika zote, na kijana yule akatumwa tena Bukini kesho yake. Hakurudi. Kila akifika hapo baba aliacha kusimulia, akaomba maji ya kunywa.

Sasa mtu anieleze, nikimwondoa muosha picha, nitasemaje kwa nini kijana yule aliruka mara ya pili?

Ile dawa ilimbadilisha baba kucha, zikawa kahawia. Baada ya vita alifungua duka lake la picha Unguja, na kucha hazikupata nafasi ya kusafika. Kwenye majlisi ya Nasor kule Nizwa, sebule yake ya wageni, imetundikwa picha ya baba isiyo na rangi, amekaa, mikono juu ya magoti, na kucha zimetoka nyeusi tii. Wageni wakiuliza, Nasor huwaambia mzee alikuwa amepakwa hina ya harusi. Nimeyasikia hayo nikiwa nimekaa pale pale, nikainamia kikombe changu cha kahawa na kunyamaza. Safari hii sinyamazi.

Sisemi kwamba hofu yake haina asili. Tulipofika huku Oman kutoka Unguja, Kiarabu chetu kilichekwa, na wapo waliotutazama kama wageni katika nchi ya babu zetu. Nasor amefanya kazi ofisini miaka mingi mpaka watu wakasahau kumuuliza katoka wapi. Anachoogopa ni kuulizwa tena. Namhurumia, ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni. Lakini kumhurumia ni jambo moja, na kumpa baba yangu amfiche ni jambo jingine kabisa.

Kilichonitia wasiwasi ni Aziza. Harusi ni yake, si yangu wala si ya Nasor. Nilizunguka nyumba nzima, nikapanga vitu vilivyokwisha kupangwa, mwisho nikampigia. Nikamweleza yote, hata kucha. Kiswahili chake cha kuokoteza, lakini alichosema nimekielewa vizuri.

"Shangazi, weka leo. Kama wao watakasirika, khalli, waache wakasirike kabla ya milka. Baada ya milka mimi ndio nakaa na wao."

Nilicheka, kisha nikalia kidogo, wala sioni haya kusema.

Nimeiweka. Ipo hapo chini, neno kwa neno kama Nasor alivyoisoma. Juu yake nimeweka ile picha ya majlisi, lakini nimekata kila kitu nikabakisha mikono. Anayetaka kuzitazama kucha azitazame kwa nafasi yake. Nasor ameshaiona.

Gari limejazwa mafuta. Nitapita dukani kununua kitambaa, kisha nitashika njia ya Nizwa, na nitakaa majlisi chini ya picha ile, mahali pangu. Kesho akija mgeni akauliza hina ya mzee huyu ni ya harusi ya nani, atakayejibu ni mimi.