Maji ya Mazishi ya Bibi

Mampong, 3 Machi 2014

Mpwa wangu Serwaa,

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwa ukoo wote, walio hai na waliotangulia, kwamba yule jogoo aliyepotea wa mke wangu amepatikana. Alikuwa kwa mchungaji. Amenenepa, na hataki kurudi.

Baada ya hilo, hujambo? Kifua chako kinaendeleaje? Sisi wazima, isipokuwa bibi yako, ambaye bado yuko mochwari akingoja tujipange. Tumejipanga. Tunamzika Jumamosi ya tarehe 5 Aprili. Bosi wako, Mzee wa Kanisa Amponsah, ameahidi lori zima la maji ya kunywa ya vifuko vya plastiki kutoka kiwandani kwake, bure. Akina Ansah walipomzika mama yao waligawa maji ya ndoo, na mpaka leo wanasemwa. Mshukuru kwa niaba yangu.

Mjomba wako,
Boakye

Kumasi, 9 Machi

Mjomba mpendwa, shikamoo. Kifua kimepona. Mpe hongera mchungaji.

Mjomba, yakatae hayo maji. Pale kiwandani kuna taa ya kuua vijidudu. Maji hupita chini yake kabla ya kufungwa. Imeungua tangu Krismasi. Machujio yanasuguliwa kwa ufagio na kurudishwa. Na mimi ndiye mpimaji: kila jioni natia sahihi kwamba maji ni salama, kisha nakunywa ya kwangu niliyochemsha nyumbani.

Nilimwambia msimamizi. Akasema, "Dada, umeajiriwa kupima maji au kupima watu?" Nikaenda kwa Mzee Amponsah mwenyewe. Akacheka kwa upole. "Binti yangu, maji haya yanaombewa kila asubuhi. Taa inaweza kushinda maombi?"

Watoto wa nyuma ya kiwanda wanaharisha. Nataka kwenda kwa wakaguzi wa vyakula. Nishauri.

Mpwa wako,
Serwaa

Mampong, 14 Machi

Serwaa,

Hujambo? Mimi sijambo, ila barua yako imenipandisha presha.

Mama yangu yuko kwenye barafu, nawe unaniletea habari za taa! Nani alikuombea hiyo kazi? Nilikaa kanisani kwa Amponsah Jumapili nne, kiti cha mbele, macho wazi, nikisikiliza mahubiri ambayo hata mhubiri yalimchosha. Nguo nyeusi na nyekundu za mazishi zimeshonwa. Matarumbeta yamelipiwa. Akiyazuia maji, nitawapa nini watu wa Kumasi? Mate?

Ukila na kipofu usimguse mkono. Mzike bibi yako kwanza. Baada ya hapo sema hata redioni.

Mjomba wako,
Boakye

Kumasi, 23 Machi

Mjomba, shikamoo. Natumaini presha imeshuka.

Nimejaribu kungoja. Jumanne mtoto wa yule mama anayeuza uji nyuma ya kiwanda amefariki. Alikuwa na miaka miwili. Mama yake hununua maji yetu kwa sababu aliambiwa ya bomba si salama. Msibani waligawa vifuko vyetu, mjomba. Nilipewa kimoja, nikakishika mkononi mpaka kikapata joto.

Kipofu tunayekula naye ni huyo mama. Amponsah anaona vizuri kabisa.

Nimekwenda kwa wakaguzi. Watakuja Alhamisi, bila taarifa. Jina langu hawatalitaja. Nimekwambia wewe peke yako, maana sina mama wala baba wa kumwambia. Hata mke wako asijue.

Mpwa wako,
Serwaa

Kumasi, 29 Machi

Mjomba, shikamoo.

Walikuja Alhamisi. Mzee Amponsah alikuwa langoni amevaa suti, na soda baridi kwenye sinia. "Karibuni, nilikuwa nawangojea." Ndani taa mpya inawaka buluu. Tangi limesuguliwa. Wale vijana wa kufungasha, ambao juzi walikuwa pekupeku, wamevaa glavu nyeupe kama madaktari. Wakaguzi walipima, wakasifu, wakaondoka na katoni mbili za soda.

Kisha akaniita mbele ya wote. "Serwaa, chukua vitu vyako." Nilipofika mlangoni akaongeza, taratibu, "Msalimie mjomba wako."

Mjomba, nijibu. Hata neno moja.

Serwaa

Mampong, 12 Aprili

Mpwa wangu,

Hujambo? Umekula? Sisi wazima. Nilichelewa kujibu kwa sababu ya shughuli.

Mazishi yalifana. Maji yalikuja malori mawili badala ya moja. Akina Ansah walikunywa mpaka wakanyamaza. Walioniuliza uko wapi niliwaambia kifua kimekurudia, kwa hiyo ukikutana na mtu wa huku, kohoa kidogo.

Najua unachofikiri. Lakini ulitaka taa, na taa ikawekwa. Ningekaa kimya ingewekwa? Wakaguzi wangefunga, vijana arobaini wangekosa kazi, na bibi yako angezikwa kwa maji ya ndoo. Nilimnong'oneza mtu mmoja tu, na wote wakapona. Wewe una elimu, utapata kazi nyingine.

Jambo la mwisho, usilisikie kwa watu. Mke wangu siku zote hulalamika kwamba nawalisha watoto wa dada na kuwasahau wa kwangu. Mahali pako amepewa Afia, binti yangu mkubwa. Ameanza Jumatatu. Anasema ile taa ilikuwa ya kuazima, imesharudishwa.

Mjomba wako,
Boakye