Jina la Bosi Ndani ya Wimbo wa Neema

Papa Neema,

Ulipokufa, mutoto wetu alikuwa akiimba tu ndani ya korali ya kanisa. Leo, toka mutaa wa Mangobo mpaka ule wa Makiso, hakuna pikipiki inayopita bila sauti yake. Sokoni wananipisha: "Muache mama ya vedette, mama ya nyota, apite!" Na mimi napita polepole, ili wanione vizuri. Ungenicheka: "Mama Neema, shingo itavunjika!"

Lakini leo sikuandikii kwa kujisifu. Niko na woga.

Unakumbuka libanga, ile desturi ya kuita jina la tajiri ndani ya wimbo ili asaidie mwanamuziki? Neema aliita Bosi Gaspari, ule muuza dhahabu wa Bafwasende. Mara moja tu, kama wote wanavyofanya. Bosi akalipa studio. Bon, tukafikiri imeisha. Kumbe amejisikiliza mpaka kichwa kimegeuka. Anasema: "Aliniita mbele ya Kongo nzima. Ni muke yangu."

Kila asubuhi gari yake iko mbele ya nyumba. Neema hatoki tena. Marafiki wa korali wanaogopa kuja. Mutoto anayesikilizwa na muji muzima anakula sombe, majani ya muhogo, peke yake, nyuma ya pazia.

Jana bosi alituma ufunguo wa nyumba ya Kinshasa. Neema aliushika, hakuuachia. Akaniuliza: "Mama, kule si nitaweza kutoka inje?" Papa Neema, unanijua. Sinyamazi hata kanisani! Nikasema: "Ufunguo wa pili atabaki nao nani?" Akauweka juu ya meza.

Niliurudisha mimi mwenyewe. Nikagonga kioo cha gari: "Tonton Gaspari, mutoto aliita jina yako, hakuolewa." Aliongeza tu sauti ya muziki. Ni wimbo wa Neema, pale penye jina yake, tena na tena.

Jumapili Neema anaimba uwanjani, na bosi atakaa mbele, akingoja jina yake. Tumepatana, mutoto na mimi: pale penye jina la bosi, ataita lako. Simoni wa Yanonge. Wewe hutamudai kitu.

Sijui yule mutu atafanya nini. Lakini nitasimama jukwaani kando ya Neema, nimevaa ile pagne, kitenge kikubwa ulichoninunulia, na ukubwa wangu unaujua: atapita wapi? Sitashuka pale mpaka wimbo uishe.

Lala salama, bwana yangu. Lakini Jumapili ukisikia unaitwa, uitike.

Mama Neema