Mdomo Usiachwe Mtupu

Jumatatu, 5 Agosti

Samahani, daftari. Mara ya mwisho nilikuandika Sikukuu pili, Mfunguo Mosi, na leo tushaingia Mfunguo Tano. Sababu nzuri sina. Nachoka tu. Nikikaa nalala, nikisimama Nasra analia.

Nimemwachisha ziwa. Mwanzo shubiri niliyojipaka kifuani aliitema na kurudi. Sasa akiniona nafungua kifungo ananuna mwenyewe, anageuka. Roho inaniuma lakini sirudi nyuma. Miaka miwili keshatimiza, meno anayo, ubwabwa anakula. Kitu pekee kinachomnyamazisha ni sauti yangu. Si wimbo hasa. Namsemesha tu polepole, hata nikimtajia samaki wa sokoni, changu, tasi, kolekole, naye analala. Mama akijaribu hataki. Baba yake, Idrisa, anamjua kama sauti ya kwenye simu kutoka Maskati. Anaisikiliza kidogo, kisha anakwenda zake kuchezea makopo.

Kazini vilevile. Kipindi chetu cha televisheni, "Tupa Kule", bado kinarushwa, Mungu anajua kwa nini. Chumba kimoja cha chini, Mkunazini, ukuta unamwaga chokaa juu ya maiki, na feni lazima tuizime tukirekodi. Abuu ndiye mwenye kipindi, ndiye mpiga picha, ndiye mfagiaji. Anaokota filamu mbovu za hapahapa petu, tunaziweka, tunazicheka. Kheri anakaa mbele ya kamera na kofia yake ya mkeka. Mimi niko nyuma ya pazia la kanga, sionekani. Naitwa Bi Mdomo. Filamu ikiwa sauti yake imekufa, na aghalabu imekufa, mimi ndiye ninayewasemea waigizaji. Sharti la Abuu ni moja. Mdomo ukicheza kwenye picha usiachwe mtupu. Tia neno lolote, lakini tia.

Kazi hii naiweza. Skuli niliishia kidato cha pili, lakini mdomo wa mtu nikiutazama najua neno gani linaingia na gani litatokeza nje.

Abuu kapata kanda mpya. Yaani kuukuu. Tunarekodi keshokutwa.

Jumatano, 7 Agosti

Filamu ya jini. Imepigwa Kizimkazi, na kwa nguo za watu ni zama mie mtoto. Jina kwenye kanda limefutika. Sauti hamna, mvumo tu.

Mwanzo tulikufa kwa kucheka. Jini kajitanda shuka, chini ana ndara za buluu. Anatoweka kwa kujificha nyuma ya mnazi, tumbo linabaki nje. Kheri: "Jini huyu mbona kashiba futari ya watu?" Mie nikamsemea jini: "Geukeni huko, sijavaa!"

Halafu ikaja ngoma ya pepo. Wanawake duara, makofi, chetezo kinafuka, katikati mwanamke kafunikwa kanga. Kheri akasema, huyu peke yake ndiye anayejua kuigiza. Wakamfunua uso. Akaitazama kamera. Mdomo ukaanza kucheza.

Nikatia: "Nataka chipsi mayai, pilipili iwe kando." Kheri kacheka. Baada ya hapo sijui. Nakumbuka ule mdomo. Nakumbuka Kheri kaacha kucheka. Nakumbuka Abuu anapiga meza.

"Shemsa! We vipi? Hayo ndiyo vichekesho?"

Akazima deki. Kanda ile imechoka, haitaki kuchezwa mara nyingi. Kisha akanisikilizisha nilichosema. Sauti ni yangu, lakini imeshuka, haina haraka. Udi. Marashi. Kanga nyeupe isiyopata kuguswa na maji. Kuku wa kijivu, asichinjwe.

Ngoma ya pepo sijapata kuhudhuria hata moja. Mama hakuturuhusu.

Abuu anasema ataiacha hivyohivyo, muda wa kurekodi upya hana.

Ijumaa, 9 Agosti

Kimerushwa baada ya Magharibi. Watu wamemcheka jini na ndara zake. Mmoja kaandika, Bi Mdomo leo kapandwa kweli. Mama aliangalia mpaka mwisho, asicheke.

"Maneno yale umeyatoa wapi?"

Nimeyatunga, nikamwambia.

"Hayatungwi yale." Akaenda kutia udhu.

Jumapili, 11 Agosti

Kaja mgeni kazini. Mwanaisha, kutoka Kizimkazi, kiasi changu kwa umri. Kaulizia mlango kwa mlango mpaka katufikia. Kabeba madafu, kakaa ukingoni mwa kiti, baibui limejaa vumbi. Akauliza, Bi Mdomo ni nani? Kheri akaniashiria.

Yule mwanamke wa kwenye kanda ni mama yake. Bi Mize. Na ngoma ile haikuwa mchezo.

Alivyonieleza ni hivi. Bi Mize alikuwa mgonjwa. Wakamchezea ngoma ili pepo apande aseme anachotaka, apewe, amwache. Wakatokea vijana wa mjini na kamera. Walikuwa hawana fedha za kulipa waigizaji, wakaomba wapige ngoma ya kweli, waitie kwenye filamu yao. Wazee wakakubali, maana vijana walikuja na taa na kiwanja kilikuwa giza. Taa ikataka jenereta. Jenereta wakaiweka nyuma ya ukuta. Pepo akapanda, akafunua kinywa, akasema mara moja tu. Fundi wa ngoma kainamisha sikio, hakusikia neno. Mvumo mtupu. Wakamsihi arudie, hakurudia.

Tangu siku ile Bi Mize hajasema. Anakula, anasuka ukili, anasali kwa midomo. Neno hamna. Mwanaisha alikuwa bado yuko chuoni kwa mwalimu, anasoma juzuu.

Ijumaa wao walikuwa kwa jirani mwenye televisheni. Sauti yangu ilipofika kwenye udi, Bi Mize aliacha ukili. Kwenye kuku, akasimama. Kipindi kikakatika. Bado kasimama mbele ya televisheni ya watu, akaongozwa nyumbani kwa kushikwa mkono.

"Maliza, dada," akanambia. "Ulianza wewe. Maliza."

Nikachukua madafu. Naona aibu kwamba nilichukua madafu.

Jumanne, 13 Agosti

Abuu kafurahi mno. Anataka wamlete Bi Mize mjini, akae mbele ya kamera, mie nimsomee mdomo wake wa zamani na huyu wa sasa aonekane analia. Anasema hiki ndicho kipindi kitakachotutoa.

Nikamwambia hapana. Nikimaliza, namaliza bila kamera, bila Kheri kutia mzaha, feni imezimwa na mlango umefungwa. Akasema kipindi ni chake. Nikamwambia mdomo ni wangu. Akachukua ufagio, akaanza kufagia.

Mama hataki nende kabisa. "Una mtoto mdogo. Mlango usiokuhusu usiufungue." Nikamwambia ushafunguliwa, Mama, nimeuacha wazi na mtu kasimama hapo. Alinikata kucha, kama nilipokuwa mdogo. Sijui kwa nini.

Naogopa. Basi, nimeandika.

Alkhamisi, 15 Agosti

Tumefanya asubuhi. Mimi, Mwanaisha, na Abuu wa kuendesha deki. Kamera kaifunika taulo.

Mwanaisha alipomwona mama yake kwenye picha anasema, kijana, mnene, akauma ukingo wa mtandio.

Safari hii nilijijua. Nilikuwa nasoma, kama ninavyosoma siku zote, isipokuwa sikutafuta kichekesho. Asali ya nyuki wadogo. Jamvi jipya. Maji ya kisima cha msikiti, yatekwe na mtu asiyezungumza njiani. Mwanaisha anarudia nyuma yangu kwa sauti ndogo, anayashika kichwani kama mtoto wa chuo.

Kisha deki ikaanza kutafuna kanda. Picha ikajikunja. Abuu akaruka kuzima, kachelewa. Bi Mize alikuwa bado kafungua kinywa, lipo jambo la mwisho linakuja, mdomo unacheza, na uso unayeyuka. Sikuona kitu.

Mwanaisha akanigeukia. "Na?"

Ningesema sikuona. Ilikuwa ni neno moja tu, sikuona. Lakini mie nimezoea. Mdomo umecheza, mie natia. Na nikamwonea huruma. Nikawaza, huyu mama kakosa nini kuliko vyote? Nikasema:

"Na sauti. Nipewe sauti."

Limeingia sawasawa. Limekaa kwenye mdomo ule kama limeshonewa.

Mwanaisha akanibusu mkono, akaondoka mbio. Abuu alikuwa anavuta utepe kwenye deki, mrefu, umekatika vipande. Hakunitazama.

Jumamosi, 17 Agosti

Koo linakwaruza. Mafua, naona. Nimekunywa tangawizi. Mwanaisha kapiga simu, vitu vyote vimepatikana, hata kuku. Ngoma leo. Akauliza sauti inatolewaje. Nikamwambia itakuja yenyewe.

Jumatatu, 19 Agosti

Sina sauti.

Haikukauka. Haikupungua. Jana Alfajiri nimefumbua mdomo kumwita Nasra, hamna. Pumzi tu. Mama kanipeleka hospitali, daktari kamulika koo, kasema safi, halina hata wekundu, nipumzike.

Nasra hajalala mchana wote. Ananipanda kifuani, ananishika mdomo kwa vidole, anaufungua. Anachungulia ndani.

Baada ya Adhuhuri, ujumbe wa Mwanaisha. Bi Mize kasema. Kaomba maji, kauliza nani kafa nani kaolewa, kacheka. Kijiji kizima kimejaa uani. Nimelia, na wala sikuwa nalia kwa uchungu. Nilifurahi. Naliandika hili ili nisije kujidanganya baadaye.

Jumanne, 20 Agosti

Hajalala. Analia mpaka anatapika. Mama kamwimbia, kamsomea, kambeba uani na kurudi. Nami nimekaa kama chungu. Jirani kagonga ukuta, kisha kaja na uji wa mtoto, kaona haya.

Jumatano, 21 Agosti

Mwanaisha katuma sauti ya mama yake kwenye simu, ati anishukuru mwenyewe. Nilikuwa nakuna nazi. Nasra yupo sakafuni analia. Nikabonyeza kwa kidole chenye machicha.

"Ahsante, mwanangu. Mungu akulipe. Sijui nikuite nani, jina lako sikutajiwa."

Sauti yangu. Si iliyofanana. Yangu, na ule mkwaruzo mdogo kwenye neno la mwisho anaonitania nao Idrisa. Maneno ya kishamba, mtamko wa kwao Kizimkazi, ndani ya sauti yangu mie.

Nasra akanyamaza. Akaja kwa magoti, na kutembea anajua. Akaishika simu, akaiweka shavuni. "Mama," akaiambia.

Akalala hapohapo, juu ya mkeka, na simu. Mie niko hatua moja. Mkono mmoja kwenye mbuzi ya nazi.

Mama aliona. Alikaa chini.

Ijumaa, 23 Agosti

Mwanaisha kaja na fundi wa ngoma, mzee mwenye macho ya maziwa. Shikamoo nimempa kwa kichwa. Nilikuwa nimemwandikia Mwanaisha yaliyonipata, na jana walimchezea pepo tena kuniombea sauti yangu, mzee anasema. Pepo hakupanda. Keshaaga tangu Jumamosi, kapewa vyote alivyotaka, hana analodai, hana pa kuitiwa. Nikamwandikia kwenye karatasi kwamba la mwisho hakulitaka yeye, nililitia mie. Mwanaisha akamsomea. Mzee akafikiri sana.

"Kaombewa sauti, kapokea ya aliyeitaja, kamwachia Bi Mize," akasema. "Angelikataa?"

Mwanaisha alikuwa hawezi kuniangalia. Anasema mama yake anaona haya kufungua kinywa mbele za watu sasa, anaziba kwa kanga. Kasema yuko tayari kunyamaza tena kama kunyamaza kwake kutanifaa. Nikatikisa kichwa. Mara mbili, afahamu vizuri. Mama wa mtu kanyamaza kiasi hicho, hanyamazishwi na mimi.

Lakini nikamshika Mwanaisha mkono asiondoke. Nikachukua simu, nikamwandikia ninachokitaka. Akasoma. Akasema, hilo atalifanya, dada, hilo atalifanya na zaidi.

Jumapili, 25 Agosti

Mvua ndogo tangu asubuhi. Nasra kala vizuri, kalala mchana na usiku wa jana pia. Kazini nimeaga. Abuu kaleta kile kiti changu cha nyuma ya pazia, kakiacha mlangoni, hakubisha hodi. Idrisa anadhani ni mafua. Nitamwandikia.

Bi Mize keshatuma kwenye simu sauti mbili za Nasra, ya kulalia na ya kumwita kula. Zote mbili nzuri, kazisema kwa pole, kajitahidi kupunguza mtamko wa kwao. Vilivyobaki anitumie:

"Usishike moto." Iwe kali. Asimwonee huruma, mie simwonei.

Ya kuogea, ndefu, maana maji ya kichwani hayapendi. Aseme chochote, asikatize tu.

"Bismillahi," polepole, apate kuifuata.

Kicheko. Kimoja kinatosha, kile kifupi cha puani. Kama hakijui, asikilize vipindi vya zamani.

"Sitaki," na "nimesema sitaki."

Jina lake, Nasra, kama mtu anayeita kutoka jikoni.

Na "Mama yupo hapa." Hiyo peke yake, isitanguliwe na salamu.