Si Pombe, ni Sukari

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimeshona suruali ya mteja nikaziba miguu yote miwili. Sikumbuki! Nakumbuka kufungua duka kabla ya chai, basi. Halafu Kifungo, mwenzangu wa cherehani ya pili, ananinywesha soda. Wateja wanacheka. Mmoja kasema fundi kapiga mtungi asubuhi yote hii.
Sijaonja pombe maishani. Nani ataamini? Binti yangu mwenyewe haamini. Tangu nilipoanguka mbele ya wakwe zake nikiropoka — mwaka wa pili huu, hapokei simu zangu.

Jumatano, 6 Machi
Hospitali, nimelazwa kupimwa. Wananinyima chakula makusudi, maji tu, waone sukari ya damu ikishuka. Hata siku tatu, ikibidi. Wagonjwa wengine wanaletewa vyakula na ndugu zao. Mimi sina wa kuniletea, na hata angekuwepo nisingeruhusiwa kula. Afadhali, nikajiambia. Uongo mtupu.

Alhamisi, 7 Machi
Sukari imeshuka saa nne asubuhi. Nesi anasema nilimwita kwa jina la marehemu mke wangu, nikamwomba anisogezee mkasi. Wakanipa glukosi mshipani, nikarudi. Nilitamani nisirudi upesi hivyo.

Jumanne, 19 Machi
Picha zimetoka. Uvimbe kwenye kongosho, mdogo kama punje ya kunde! Ndio unaomwaga insulini ovyo na kunimalizia sukari mwilini. Daktari anadhani si saratani. Keshokutwa wanautoa.
"Mzee, hukuwa mlevi hata siku moja," akaniambia.
Nililia mbele yake. Nikamwomba aniandikie maneno hayo. Alidhani natania.
Fomu inauliza ndugu wa karibu. Nimekaa nayo muda mrefu. Nimeandika namba ya binti.

Alhamisi, 28 Machi
Wiki sasa tangu wanipasue. Mshono unavuta nikikohoa — nimeukagua, mshonaji hodari. Sukari kabla ya kula iko sawa! Siku ya tano mfululizo. Nesi kafurahi kuliko mimi.
Kesho naruhusiwa, ila lazima aje mtu wa kunichukua. Nesi kampigia binti kwa simu yake. Kapokea! Sasa nesi kasimama hapa kitandani, kaziba simu kwa kiganja. Binti anauliza, eti, baba amelewa tena?
"Nimjibu, au utaongea mwenyewe?"
Nimeomba dakika moja. Naandika kwanza, nipange maneno. Nianzie wapi? Kwa salamu? Kwa kongosho?
Nesi anachungulia kioo cha simu. Anasema bado hajakata.