Bia ya Kaburini kwa Amisi

Mjini Baraka, Jumanne

Tumemzika Amisi, mwenzangu wa kubeba matofali. Moyo ulisimama, na matangani wote walilaumu lutuku, ile pombe kali ya mihogo.

Kaburini wakatuletea sisi wachimba kaburi lutuku hiyohiyo, maana huku mchimba kaburi hashiki jembe bila kunywa, asije akafuatwa na marehemu. Nikakataa. Muuguzi ameniambia moyo wangu pia umechoka.

"We ndugu, unataka marehemu akufuate?" akauliza shemeji ya Amisi.

"Moyo yangu iko mubaya, yaya, mukubwa wangu."

"Basi leteni bia ya chupa! Patron wao, ule tajiri wa matofali, alikunywa hiyo mpaka moyo ikasimama, na hakuna muntu alisema ni pombe. Tulisema ni mawazo."

Bia ikaletwa, nikainywa yote. Sasa moyo unaruka ovyo, naogopa kulala. Mke wangu kule Mboko nimemwandikia kwamba lutuku nimeiacha.