Ndoano Zilizo Wazi

Kwa Mama,

Shikamoo. Huku hatujambo, mbuzi kazaa mapacha, ila Baba simwelewi kabisa.

Mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba ziwani penye majani mazito chini ya maji, samaki mdomo-mkubwa huvuliwa kwa nyungunyungu wa mpira, ncha ya ndoano ikifichwa ndani yake isinase majani. Au kwa chura wa mpira, ateleze juu juu. Sasa tangu uhamie kwa Mama Mdogo, anafunga ndoano tatu tatu, wazi, bila chambo chochote. Kila akivuta, anapandisha furushi la majani. Hayatupi! Anayapekua kwa vidole, jani moja moja. Wavuvi wenzake wanamcheka: "Mzee, siku hizi unavua mboga?"

Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema, "Pete." Nikadhani ni yake, kumbe yake iko kidoleni. Nikamwambia yako unayo mwenyewe, kwa sababu siku unaondoka uliniambia bado unaivaa. Akafunga ndoano nyingine.

Mama, sijui nimwamini nani. Kama pete unayo, andika hivyo nimsomee apumzike, maana mikono imemchanika vibaya. Kama uliitupa, sitakulaumu. Niambie tu siku uliyoitupa ziwani ulikaa upande gani wa mtumbwi, na mimi nifunge ndoano zangu wazi.

Ni mimi,
kitinda mimba wako